Baba alimdai kaka, nami namdai ndugu yangu: mirathi tuigawe vipi?

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Tanga. Nimelifupisha, ila hesabu zake sikuzigusa:

"Baba yetu alifariki miezi mitatu iliyopita. Ameacha mama na sisi watoto watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Babu na bibi walishatangulia. Ameacha nyumba Ngamiani, shamba la michungwa Muheza na fedha benki. Kaka mkubwa alikopa kwa baba Sh milioni 9 akanunua bajaji. Hakulipa, na sasa anasema baba alimsamehe akiwa amelazwa hospitali. Mimi nilimkopesha kaka wa pili Sh milioni 5 za mtaji wa duka. Anakiri, lakini kila nikimuuliza anasema ngoja. Mdogo wetu wa mwisho alilipa Sh milioni 4 za matibabu ya baba na anataka arudishiwe kwanza. Mama naye amekumbusha kuwa bangili mbili za dhahabu za mahari yake hakuwahi kupewa. Kikao cha ukoo kimependekeza kaka mkubwa awe msimamizi. Kuna wanaosema madeni yote yakatwe ndipo tugawe, na kuna wanaosema tugawe kwanza ndipo tudaiane. Lipi sahihi?"

Dada yangu, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Kabla ya kuuliza deni likatwe lini, ulizeni ni deni la nani. Deni ambalo baba yumo ndani yake, awe alikuwa anadai au anadaiwa, linaingia kwenye hesabu ya mirathi kabla ya mtu yeyote kupewa fungu. Deni ambalo ni la watoto kwa watoto halimhusu marehemu. Halimwongezei mtu fungu wala halimpunguzii, na mahali pake ni baada ya kila mmoja kujua chake. Kwa hiyo katika madai manne uliyoyataja, matatu ni ya mirathi: bajaji ya kaka mkubwa, matibabu aliyolipa mdogo wenu, na mahari ya mama. La nne, yaani zile milioni 5 zako, halimo. Usivunjike moyo, haki yako haipotei. Nitalifikia, ila lina njia yake, na mkilichanganya na hayo mengine mtaharibu hesabu ya wote sita.

Nianze na mahari, kwa sababu ndilo deni ambalo familia nyingi hulikanyaga bila hata kujua. Mahari ambayo mume hakuilipa ni deni lililo shingoni mwake kama deni lingine lolote. Miaka haiifuti, wala mama kunyamaza muda wote wa ndoa hakumaanishi kwamba amesamehe. Sura ya An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, imetaja mafungu ya warithi na kurudia kila mara kwamba ni baada ya wosia na deni, na wanazuoni wamekubaliana kuwa deni hutangulia hata wosia. Tazameni cheti cha ndoa. Kama kimeandikwa bangili mbili, mama anadai bangili mbili, au thamani yake kwa bei ya leo kwa sonara. Hadai shilingi za mwaka aliofunga ndoa. Na hapa naomba nisisitize: mama yenu bado yumo ndani ya eda, ambayo kwa mjane ni miezi 4 na siku 10. Asifuatwe chumbani na watoto wa kiume watatu wakimwambia "mama, si utusamehe tu". Nimeona akina mama wakitikisa kichwa katika hali hiyo kisha wakalia usiku. Msamaha wa namna hiyo mimi siuhesabu. Akitaka kusamehe, aseme mwenyewe, eda ikiwa imekwisha, mbele ya mashahidi, akiwa anajua kiasi anachokiacha.

Milioni 4 za matibabu zinahitaji swali moja la haki kwa mdogo wenu: siku alipokuwa anatoa fedha, alisema nini? Mtoto akimtibu mzazi wake kwa nia ya wema na thawabu, hawezi kuugeuza wema huo kuwa deni baada ya mazishi. Lakini kama baba alimwambia "lipa, nitakurudishia", au kama ninyi wenyewe mlikubaliana kwamba atangulize halafu arudishiwe, hilo ni deni na litoke kabla ya kugawa. Baba alikuwa na fedha benki, kwa hiyo si ajabu kwamba mtoto alitanguliza tu wakati mzee hawezi kwenda kuzitoa. Tafuteni ujumbe wa simu na risiti, muulizeni aliyekuwepo. Kama hakuna kitu, basi mwenye dai aletwe mbele ya wenzake aseme kwa kiapo, na ninyi muamue kwa roho safi. Gharama za mazishi ni jambo jingine. Hizo hutoka kwenye mali ya marehemu, lakini kama zilifunikwa na michango na rambirambi, asije mtu akazidai mara ya pili.

Sasa kaka mkubwa. Yeye anasema alisamehewa hospitalini. Kwanza, anayedai kuwa deni limefutwa ndiye mwenye kuleta ushahidi, kwa sababu deni lenyewe halikanushi. Pili, na hili ndilo zito zaidi, msamaha uliotolewa katika maradhi ya mauti kwa mtu ambaye ni mrithi huhesabiwa kama wosia, na Mtume (s.a.w.) amesema hakuna wosia kwa mrithi. Maana yake, hata kama baba kweli alitamka, tamko hilo halimfungi mrithi mwingine mpaka aridhie mwenyewe. Ingekuwa tofauti kama baba alimsamehe miaka mitatu nyuma, mzima wa afya, mbele ya watu. Hapo deni lingekuwa limekufa na msingekuwa na la kusema.

Kuridhia kwenyewe kunakwenda kwa kila mtu na fungu lake. Mama akisema "mimi nilimsikia baba yenu, nami nimeridhia", amesamehe sehemu yake tu katika hizo milioni 9. Hawezi kukusamehea wewe sehemu yako, wala kaka wa pili hawezi. Na asiyeridhia asiitwe mwenye roho mbaya.

Nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapodhulumiana huku kila mmoja akiamini ametenda haki. Hukunitajia thamani za mali, kwa hiyo natumia za mfano ili uone njia. Tuseme nyumba ni Sh milioni 72, shamba milioni 16, benki milioni 5. Hizo ni milioni 93. Ongeza milioni 9 anazodaiwa kaka, kwa sababu anachodai marehemu ni mali yake sawa na nyumba. Jumla milioni 102. Toa anachodaiwa marehemu: milioni 4 za mdogo wenu, tukichukulia zimethibitika, na bangili za mama ambazo tuseme sonara amezithamini kwa milioni 2. Inabaki milioni 96, na hiyo ndiyo mali ya kugawa.

Mama ana thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto: milioni 12. Inayobaki, milioni 84, inagawanywa mafungu manane, kila mwanamume mawili na kila mwanamke moja. Kila kaka anapata milioni 21, kila dada milioni 10 na nusu. Kaka mkubwa tayari amekwisha kukamata milioni 9 za fungu lake, kwa hiyo anapokea milioni 12 nyingine. Ukijumlisha watakachopokea wote sasa, mama 12, kaka mkubwa 12, makaka wawili 21 na 21, nyinyi dada wawili 10.5 na 10.5, unapata milioni 87, ambazo ni zile 93 za nyumba, shamba na benki baada ya kutoa madeni ya milioni 6. Ukiona hesabu haijifungi hivi, ujue kuna mtu ameonewa.

Kuna makosa mawili ambayo vikao vyetu huyafanya sana. La kwanza ni kulisahau deni na kugawa hizo milioni 87 tu. Mama anapata 10,875,000 badala ya milioni 12, wewe unapata kama milioni 9 na nusu, na kaka mkubwa anaondoka na zaidi ya milioni 19 pamoja na 9 alizo nazo. La pili linamwonea kaka mkubwa mwenyewe, nalo hutokea pale watu wakishakasirika: wanagawa milioni 87, wanamkata milioni 9 zote katika fungu lake, kisha wanagawana wao watano hizo 9. Wamesahau kwamba naye ni mrithi wa baba, na hata katika deni lake mwenyewe ana fungu. Sehemu yake katika milioni 9 ni 1,968,750. Anachowadai ninyi kwa njia hiyo ni hicho, na anachodaiwa na ninyi watano kwa jumla ni 7,031,250. Katika hizo, mama ana 1,125,000, kila kaka mwingine ana 1,968,750, na kila dada ana 984,375. Hizo takwimu zishikeni, kwa sababu ndizo kila mmoja atakazoamua kusamehe au kutosamehe. Ukiniuliza ukisamehe unapoteza nini, jibu ni hizo laki tisa na elfu themanini na nne na ushee, si milioni 9. Mara nyingi mtu akishajua kiasi halisi, hasira hupungua na mazungumzo yanakuwa mepesi.

Na kama matibabu ya mdogo wenu yataonekana yalikuwa sadaka, mali ya kugawa inapanda kuwa milioni 100. Mama anapata 12,500,000, kila kaka 21,875,000 na kila dada 10,937,500. Njia ni ileile.

Mtu asimdai kaka mkubwa riba, wala faida ya bajaji, wala "fedha ilivyoshuka thamani". Alikopa milioni 9, anadaiwa milioni 9. Alichochuma kwa jasho lake barabarani ni chake. Kinyume chake, kodi za wapangaji wa Ngamiani na machungwa yaliyochumwa Muheza tangu siku baba alipofariki si za aliyezikusanya. Ni za warithi wote kwa mafungu yao, na ziandikwe tangu sasa kwa tarehe na kiasi, baada ya kutoa gharama za palizi, vibarua na matengenezo. Ugomvi wa mwaka wa pili wa mirathi huanzia huko.

Sasa milioni 5 zako. Kaka wa pili anakiri, hilo ni jambo kubwa, lishike. Hata hivyo, msimamizi hana mamlaka ya kukata fungu la kaka yako akakupa wewe, hata ukilia vipi kikaoni. Fungu ni la kaka yako tangu baba alipokata roho, na deni lako kwake ni mkataba wenu wawili. Njia ya kulichukua humo ni ridhaa yake ya maandishi. Muandikiane sasa, kabla ya mgao, maneno mafupi tu: kwamba alikukopa Sh milioni 5 mwaka fulani, kwamba hajalipa, na kwamba anaridhia zilipwe kutoka katika fungu lake la mirathi ya baba. Asaini, nawe usaini, na mashahidi wawili ambao si warithi wasaini. Aya ya 282 ya Al-Baqara imeamrisha deni liandikwe, na ni ajabu jinsi tunavyoona aibu kuandikiana na ndugu wa damu kuliko na mtu baki. Karatasi hiyo itakusaidia hata asipolipa kwenye mirathi, kwa sababu Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa dai la mkataba, na mdaiwa anapokiri deni kwa maandishi na kutia saini, muda huanza kuhesabiwa upya. Dini yetu hailifuti deni kwa kupita miaka, lakini mahakama itakuuliza tarehe.

Akikataa kusaini, mirathi igawiwe vilevile na yeye apewe fungu lake kamili. Hapo atakuwa mtu mwenye mali, na utamdai kwa njia ya kawaida, kwa wazee kwanza, kisha mahakamani. Usizuie mgao wa mama na wenzako kwa ajili ya deni lako. Nasema hivi nikijua ni maneno machungu kwako, lakini mama mwenye thumni yake hapaswi kusubiri duka la mwanawe lichangamke. Na kama kaka kweli hana kitu mpaka alipwe fungu, basi mngojee. Hilo nalo lipo katika Al-Baqara, aya ya 280.

Ugumu utakuja kama nyumba haitauzwa. Wengi wenu pengine hamtaki mama ahamishwe, nami nawaunga mkono kabisa. Katika hali hiyo fungu la kaka wa pili litakuwa sehemu ya ukuta na bati, si fedha. Mnaweza kukubaliana kwamba sehemu yake ya nyumba yenye thamani ya milioni 5 iwe yako, na msimamizi aandike umiliki hivyo. Lakini thamani itoke kwa mthamini aliyesajiliwa, kwa bei ya siku ya makubaliano, si kwa makisio ya mjomba. Vivyo hivyo kwa kaka mkubwa: kama fedha za benki hazitoshi kusawazisha, yeye achukue sehemu ndogo zaidi ya nyumba au shamba, na deni lake liwe limelipika hapohapo. Huo ndio urahisi wa mrithi mdaiwa, kwamba hahitaji kutafuta fedha taslimu ili ajitoe.

Kuhusu usimamizi, sikubaliani na kikao chenu. Si kwamba kaka mkubwa ni mwizi. Simjui, na kumtuhumu ni dhambi. Ila msimamizi ndiye mwenye kazi ya kukusanya madeni ya marehemu, na huwezi kumtuma mtu ajidai mwenyewe huku anasema alisamehewa. Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kuteua msimamizi mmoja au zaidi. Pendekezeni wawili, mmoja wenu asiye na dai lolote, na kwa maelezo yako huyo ni dada yenu mwingine. Mwanamke kuwa msimamizi hakuna sheria inayomzuia. Kama ukoo utang'ang'ania kaka mkubwa, basi awe pamoja na huyo dada, na muhtasari wa kikao utaje wazi deni la milioni 9 na dai lake la msamaha. Muhtasari huo ndio mtakaokwenda nao mahakamani pamoja na cheti cha kifo na maombi ya Fomu Na. 1.

Akishateuliwa, msimamizi ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, kisha hesabu za mgao kwa Fomu Na. 6. Ombeni kuiona Fomu Na. 5 kabla haijapelekwa. Deni la bajaji lazima liwe upande wa mali, mahari ya mama upande wa madeni, na milioni 5 zako zisionekane popote. Kwa hesabu ya mafungu, mahakama nyingi hupokea mchanganuo uliotayarishwa na ofisi ya Kadhi wa BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), na ninashauri mwende mapema, mkiwa na orodha kamili ya warithi. Hapo niulize jambo ambalo hukulitaja: mna hakika hakuna mke mwingine au mtoto mwingine wa ndoa wa baba? Akitokea mmoja, baadhi ya takwimu nilizoziandika hapo juu zinabadilika.

Kikao kijacho, nendeni na karatasi mbili. Ya kwanza iandikwe mali ya baba, aliowadai na waliomdai, na isainiwe na warithi wote sita, mama akiwa amesomewa kila mstari. Ya pili ni yenu wewe na kaka yako wa pili, na si lazima ukoo mzima uione. Anzeni na ile ya kwanza. Ikisainiwa, mwite kaka yako pembeni na ile ya pili siku hiyohiyo, kabla watu hawajatawanyika.